Je, wajua nyumba ya mbao husimamaje bila msumari hata mmoja?

Pita mtaa wowote wa Moshi unaojengwa, tuseme kule Rau, utaona kuta za tofali zimefika kwenye lenta na mafundi wako juu wanasimamisha kenchi. Hiyo kenchi ni fremu ya mbao. Karibu kila mwenye nyumba ya bati hapa ana nyumba ya mbao juu ya nyumba yake ya tofali, ila hajawahi kuiita hivyo. Ishushe mpaka ikanyage chini, itandikie sakafu, tayari una kibanda cha Horombo: vile vyenye umbo la herufi A ambamo wapanda mlima wa njia ya Marangu hulala, kwenye mita 3,720 hivi, vilivyojengwa kwa msaada wa Norwei. Pale paa ndilo ukuta.

Kwa nini pembetatu? Chukua vipande vinne vya mbao, vipigilie msumari mmoja mmoja kwenye kona upate fremu ya mraba, kisha sukuma kona ya juu kwa kidole. Italala ubavu kama kiberiti kilichokanyagwa. Fanya hivyohivyo kwa vipande vitatu. Haiendi popote mpaka ubao uvunjike au msumari ung'oke. Ndiyo maana nyumba ya mbao yenye kuta zilizosimama wima haikamiliki kwa nguzo na boriti peke yake: kwenye kona hutiwa ubao wa mshazari unaofunga nguzo na boriti kuwa pembetatu. Fundi akikwambia mshazari hauna haja kwa kuwa ataongeza misumari, anakuuzia misumari.

Sasa hao wasiotumia msumari kabisa. Seremala huchonga ncha ya boriti ibaki ulimi, na kwenye nguzo huchimba tundu kwa patasi, la ukubwa uleule. Ulimi ukiingia tunduni, keekee hutoboa kutoka ubavuni na kigingi cha mti mgumu hupigwa humo. Hapo pana ujanja ambao mimi naupenda kuliko yote katika kazi hii. Shimo la kigingi kwenye ulimi halitobolewi sawasawa na lile la kwenye nguzo. Husogezwa milimita mbili au tatu kuelekea bega la ulimi, yaani pale ulimi unapoanzia kwenye boriti. Kigingi kikipita humo hulazimika kujipinda kidogo, na kwa kujipinda huuvuta ulimi ndani ya tundu na kuushikilia. Kiungo hujikaza chenyewe na huendelea kuvuta miaka nenda miaka rudi. Msumari hauwezi hilo, maana ubao ukisinyaa msumari unabaki palepale na kiungo kinaanza kucheza.

Na ubao utasinyaa tu. Saipresi iliyotoka kupasuliwa West Kilimanjaro inafika mjini imejaa maji, wakati mwingine sehemu ya mzigo wa lori iliyo maji ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ikikauka hupungua upana na unene, lakini urefu karibu haubadiliki kabisa. Ubao wa inchi 8 ukipungua asilimia 5 tu, umepoteza sentimita nzima. Ndiyo maana mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi wakati wa masika unaachia mwanga pembeni ifikapo kiangazi, na lawama zinamwendea fundi bawaba.

Mbunifu wa fremu huanza na hesabu hiyo. Kwa kuwa nguzo haifupiki, uzito wa nyumba hushuka kupitia nguzo zilizosimama. Nyumba ya magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine hushuka kadiri yanavyokauka, na madirisha yake lazima yaachiwe nafasi juu yasije yakabanwa. Maseremala wa zamani wa Ulaya walichonga mti wa mwaloni ukiwa bado mbichi kwa sababu patasi hupita kirahisi, lakini vigingi walivikausha kwanza. Nguzo mbichi ikasinyaa juu ya kigingi kikavu, ikakibana. Kama unataka kujua ubao wako umekauka kiasi gani, huna haja ya kwenda mbali, Chuo cha Viwanda vya Misitu kiko hapahapa Moshi.

Marekani wana namna nyingine: mbao nyembamba za mbili kwa nne, moja kila inchi 16, misumari mingi, kisha ubao mpana wa kufunika ambao ndio unaofanya kazi ya mshazari. Ni haraka na inafaa. Sina ugomvi nayo.

Adui wa kweli yuko chini. Huko Norwei, makanisa ya mbao ya mwanzo yalikuwa na nguzo zilizozikwa ardhini, na nguzo zikaoza. Baadaye wajenzi wakazisimamisha juu ya boriti zilizolazwa kwenye mawe, mbali na udongo. Kanisa la Borgund, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 12, bado limesimama. Tazama nguzo za uzio wowote wa Moshi: juu nzima, ndani ya ardhi nzima kiasi, ila pale udongo unapokutana na hewa zimeliwa. Kuvu huhitaji maji na hewa kwa pamoja, na ubao ulio chini ya asilimia 20 ya unyevu haumfai.

Kwetu kuna na mchwa. Kwa hiyo msingi wa mawe au zege hupandishwa juu ya ardhi, na juu yake hulazwa bati lililokunjwa kingo kuelekea chini. Bati halimuui mchwa. Linamlazimisha ajenge njia yake ya udongo kwa nje, ambapo utaiona na kuibomoa. Oili chafu wanayopaka watu hukaa juujuu. Dawa inayoingia ndani ni ile inayosukumwa kwa shinikizo, kama kwenye nguzo za umeme za mkaratusi.

Moto? Boriti nene huungua pole pole kuliko unavyofikiri, kiasi cha milimita 0.7 kwa dakika, kwa kuwa mkaa wa nje hukinga mti wa ndani. Ubao mwembamba hauna hifadhi hiyo.

Kujenga kwenyewe huanzia chini. Fremu yote huchongwa na kujaribiwa ikiwa imelazwa, kisha hufunguliwa, hubebwa, na husimamishwa na watu wengi kwa siku moja au mbili. Kwa kuwa kila ulimi umechongwa kwa tundu lake tu, kila kiungo hutiwa alama. Kwenye dari za nyumba kongwe za Ulaya alama hizo bado zinaonekana, tarakimu za Kirumi zilizokatwa kwa patasi, kwa kuwa mistari iliyonyooka ni rahisi kuchonga. Nne mara nyingi huandikwa IIII. Boriti ikigeuzwa juu chini, IV inasomeka VI, na fundi aliye juu ya ngazi hana muda wa kubishana na boriti.