Damu Baada ya Kidonge cha Dharura Haikuambii Kama Una Mimba

Maswali yanayoletwa kwenye kitengo chetu cha afya ya uzazi yameongezeka, na mengi ni ya aina mbili: "Nimeona matone, je, mimba imetoka?" na "Sijaona damu, je, kidonge kimeshindwa?" Wote wanaamini kidonge hufanya kazi kwa kutoa damu. Sivyo, na tumelisema hili mara nyingi. Levonorgestreli ya miligramu 1.5, homoni iliyo ndani ya kidonge hiki cha dharura cha kuzuia mimba, huchelewesha yai kutoka. Mimba iliyokwisha kutunga haiitoi wala haiidhuru.

Homoni hiyo huvuruga tarehe. Matone ya siku chache, hedhi kuwahi au kuchelewa kwa wiki moja, ni mambo ya kawaida. Kumeza kingine "ili damu ije" huzidisha mvurugiko tu, tafadhali acheni.

Jibu liko kwenye kipimo cha mkojo, siku 21 baada ya tendo la mwisho lisilo na kinga, au hedhi ikichelewa zaidi ya siku 7. Kupima kesho yake ni kuharibu kipimo bure. Kagua tarehe ya kuisha muda wake, tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, kisha soma majibu ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Mstari unaojitokeza baada ya hapo usiuhesabu. Andika pia tarehe tatu: ya tendo, ya kumeza kidonge, na ya kuanza hedhi iliyopita. Mhudumu ataziuliza zote.

Wapo waliomeza mapema na bado wakashika mimba, na si uzembe wao. Aliyetapika kabla ya saa 2 kupita alihitaji dozi nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini, hupunguza nguvu ya kidonge. Kwa mwanamke anayetumia dawa hizo, kitanzi cha shaba, kikiwekwa ndani ya siku 5 baada ya tendo, ndicho cha uhakika zaidi. Mwingine alikutana tena na mwenzake siku mbili baadaye bila kinga, akidhani bado amekingwa. Kidonge hakilindi tendo linalofuata.

Ukipata maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, pamoja na kizunguzungu au damu, usisubiri siku 21. Huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo huua. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na useme wazi kwamba ulimeza kidonge.