Stempu za Mjerumani: yanayosemwa Lindi na Mtwara, na yanayotokea mnadani

Huku kusini tuna ugonjwa wetu: chochote alichoacha Mjerumani ni utajiri. Wapo wanaochimba usiku wakitafuta rupia, na wapo wenye sanduku la marehemu babu ambao wameshaambiwa kwenye kundi la WhatsApp kwamba stempu moja tu inatosha kuezeka nyumba na pikipiki juu. Rupia ya fedha angalau ina uzito wake. Stempu ni karatasi, na mnadani inalipiwa kwa kile inachoweza kuthibitisha.

"Ni ya zamani, kwa hiyo ni ghali." Penny Black ya Uingereza ya mwaka 1840 ndiyo stempu ya kwanza ya kubandika duniani. Zilichapishwa takriban milioni 68, na mpaka leo hazijaadimika. Kinachopandisha bei ni uchache, hali ya stempu na idadi ya watu wanaoitaka.

"Ikishapigwa muhuri imeharibika." Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Chukua stempu za Deutsch-Ostafrika, koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, zenye picha ya Hohenzollern, meli ya Kaiser, mfalme wao. Zilianza 1901 zikiwa na bei za pesa, sarafu ndogo ya rupia ya wakati huo, na kuanzia 1905 zikawa za heller, sarafu iliyochukua nafasi yake. Vita vilipoanza 1914 mawasiliano na Ujerumani yalikatika, lakini Berlin iliendelea kuchapa na kuwauzia wakusanyaji kulekule. Kwa hiyo zipo stempu za koloni hili ambazo hazikuwahi kufika pwani hii. Stempu nyingi za meli hii zikiwa safi, yaani hazijatumika, si ghali. Zilizotumika kweli hukuhuku, kwa baadhi ya aina zilizofika, ni adimu kabisa.

Tapeli anaijua hesabu hiyo vizuri. Hahangaiki kughushi stempu. Ananunua halali ya bei ndogo, kisha anaghushi muhuri. Ndiyo maana muhuri wa LINDI au MIKINDANI unasomwa kama hati ya kiwanja: tarehe, umbo la herufi, wino. Je, stempu ilikuwa imeshatoka siku hiyo? Je, posta hiyo ilikuwepo? Boma la Wajerumani lilikuwa Mikindani, na mji wa Mtwara tunaoujua ulikua na bandari ya mradi wa karanga baada ya 1947. Ukiniletea meli ya Kaiser yenye muhuri wa MTWARA, nitakuuliza maswali kabla sijakukaribisha chai.

Waingereza nao walipoingia walichukua stempu za Afrika Mashariki na Uganda zenye Mfalme George wa Tano, wakazipiga juu herufi G.E.A., yaani German East Africa, mwaka 1917. Ziangalie kwa lenzi. Herufi za chapa ya zamani zilikandamizwa kwenye karatasi: wino umejikusanya pembeni mwa herufi, na pengine ukigeuza mgongo unaona kivuli cha mkandamizo. Za printa ya leo zimelala juu kama nukta za rangi. Halafu tazama pale muhuri unapokutana na herufi. Muhuri ukiwa chini na G.E.A. juu yake, maandishi yaliongezwa baada ya barua kusafiri, na mazungumzo yameisha.

Stempu za bei kubwa, za shilingi nyingi na za pauni, zina hila nyingine. Nyingi zilitumika kulipia ushuru kwenye hati na zikafutwa kwa kalamu. Mtu huosha wino, hupaka gundi mpya, kisha huuza kama safi. Taa ya urujuanimno huonyesha mabaki ya wino. Na kwa akili ya kawaida tu, stempu iliyokaa miaka mia kwenye joto na unyevu wa Lindi, gundi yake iking'aa bila doa, inatia shaka.

"Kata stempu, loweka, tupa bahasha." Tafadhali usifanye hivyo. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu kutoka Berlin walikuwa Tendaguru wakichimba mifupa ya dinosaria, na shehena zilipitia bandari ya Lindi. Bahasha nzima ya miaka hiyo, yenye jina la mtumaji, anwani na mihuri ya njiani, inaweza kuzidi kwa mbali stempu iliyo juu yake.

"Katalogi imeandika bei, basi ndiyo bei yangu." Katalogi za Michel na Stanley Gibbons hutoa mwongozo kwa stempu iliyo katika hali nzuri. Meno yakikatika, au ikiwa na kovu la gundi ya bawaba, kile kikaratasi cha kuishikiza kwenye albamu, au madoa ya kutu, bei inashuka. Mkulima wa korosho hahitaji kufundishwa hili: bei inayosomwa mnadani si ile inayoingia mfukoni, kwa sababu ya daraja na makato. Nyumba ya mnada nayo humkata muuzaji kamisheni, na humtoza mnunuzi ada juu ya bei ya nyundo, ile inayofungia mnada, mara nyingi asilimia 20 au zaidi. Mnunuzi mwenye akili huitoa hesabu hiyo kabla ya kunyoosha mkono, kwa hiyo mwishoni inakurudia wewe.

"Muuzaji kanihakikishia." Jean de Sperati, mghushi maarufu wa stempu, alichukua stempu halisi za bei ndogo, akafuta picha, akachapa za thamani juu ya karatasi ileile, wakati mwingine muhuri halisi ukibaki. Karatasi ya kweli, muhuri wa kweli, stempu ya uongo. Kwa stempu za Kijerumani wanunuzi hutaka saini au cheti cha wakaguzi wa BPP, chama cha wakaguzi wa stempu cha Ujerumani. Kwa za Kiingereza, cha Royal Philatelic Society London.

"Bei hupanda tu." Ile ya senti moja ya British Guiana ya 1856, iliyokatwa pembe na kufubaa, iliuzwa takriban dola milioni 9.5 mwaka 2014. Mwaka 2021 ilipata kama milioni 8.3.

Cheti kina gharama, na stempu ya elfu chache haistahili. Anza na picha: mbele, nyuma, na bahasha kama ipo, mchana, bila kuisugua. Albamu za miaka ya 1980 na 1990 zenye picha za wanyama na treni, zilizochapishwa kwa wingi kwa ajili ya wakusanyaji, wape watoto.