Nambari za mraba na nambari tasa: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Jumamosi asubuhi watoto wa ploti yetu hapa Kayole huja kwangu na madaftari yao tupige hesabu. Shuleni hufunzwa kwa Kiingereza. Kwangu tunaongea Kiswahili, na mtoto akieleza jambo kwa lugha anayochezea, kosa lililojificha hujitokeza mara moja. Makosa haya hata wazazi wao wanayo.

La kwanza: ati 1 ni nambari tasa kwa sababu hugawika kwa 1 na kwa yenyewe. Tasa ina vigawo viwili, yaani nambari zinazoigawa bila baki, si zaidi si pungufu. 1 ina kimoja tu. Ni mraba, 1×1, lakini si tasa.

La pili: ati kila mraba una vigawo vitatu. Najua linakotoka. Ukianza na 4, 9 na 25, utapata vitatu kila mara. Sasa jaribu 36: 1, 2, 3, 4, 6, 9, 12, 18, 36. Tisa! Ukweli ni kwamba idadi ya vigawo vya mraba huwa witiri, yaani haigawiki kwa 2. Vipange kama abiria wanaokaa wawili wawili: 1 na 36, 2 na 18, 3 na 12, 4 na 9, halafu 6 inabaki peke yake kwenye kiti, kwa maana mwenzake ni yeye mwenyewe. Vigawo huwa vitatu pale tu kipeuo chake cha pili, yaani nambari iliyozidishwa kwa yenyewe kuupata mraba huo, kinapokuwa tasa. Na kwa kuwa witiri si mbili, hakuna mraba hata mmoja ulio tasa.

Siku moja tukiwa steji, kijana wa gredi ya saba aliniambia kwamba matatu ya Ngong, 111, ina nambari tasa, "kwa sababu haionekani ikigawika." Mwenzake akasema hatuwezi kujua mpaka tujaribu kila nambari hadi nusu yake. Wote wawili walikosea. Nambari ikivunjika kuwa vipande viwili vinavyozidishana, haiwezekani vipande vyote viwili vizidi kipeuo chake cha pili, maana vikizidishwa vitaipita. 10×10 ni 100 na 11×11 ni 121, kwa hiyo kwa 111 tunasimama kwenye 10: jaribu 2, 3, 5 na 7, basi. Jumla ya tarakimu zake ni 3, kwa hiyo 3 inaingia: 3×37. 237 ya Thika nayo ni 3×79. Lakini 23 ya Kangemi haifiki 25, kwa hiyo 2 na 3 zinatosha. Hazigawi, na hiyo ni tasa kweli. Mraba ndio unaokuambia usimame wapi.

Jambo ninalolipenda kuliko yote liko kwenye kreti ya soda ya chupa 24. Chukua tasa yoyote iliyozidi 3, izidishe yenyewe, toa chupa moja, na zilizobaki zitajaza makreti kamili. 5: 25, toa moja, kreti moja. 7: 49, toa moja, makreti mawili. 11: 120, matano. 13: 168, saba. Sababu ni kwamba chupa zilizobaki ni sawa na kuzidisha majirani wawili wa tasa hiyo, wa chini na wa juu: kwa 5, ni 4×6. Majirani hao ni shufwa zinazofuatana, mmoja wao hugawika kwa 4, kwa hiyo wakizidishwa hugawika kwa 8; na kwa kuwa tasa yenyewe haigawiki kwa 3, lazima jirani mmoja agawike. 8 mara 3 ni 24.

Hapo ndipo wengi huteleza, wakidhani kila nambari inayojaza makreti ni tasa. 25 si tasa, ila 625 ukitoa moja ni 624, makreti 26 bila chupa kubaki.

Wapo pia wanaoamini kwamba mtindo ukishika mara nyingi, umethibitika. Mwaka 1772 mwanahisabati Euler alionyesha mtindo ambao leo huandikwa hivi: zidisha nambari kwa yenyewe, ongeza nambari hiyo, kisha ongeza 41. Kuanzia 0 hadi 39 unapata tasa tupu: 41, 43, 47, 53, hadi 1601. Ukifika 40 unapata 1681, ambayo ni 41×41. Mara arobaini mfululizo, kisha inaangukia mraba.

Kwa hiyo mtoto akiniuliza kama kati ya miraba miwili inayofuatana huwa kuna tasa daima, simjibu ndiyo. Mfaransa Legendre alidai hivyo, na mwaka 1912 Mjerumani Landau aliitaja miongoni mwa fumbo nne ngumu za nambari tasa. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha wala kukanusha. Watoto wanaendelea kupanda hatua kwa hatua kwa chaki ukutani. Jumamosi iliyopita walifika kati ya 121 na 144, wakapata nne: 127, 131, 137 na 139.