Si kila utomvu unakuwa bigijii

Hapa Malindi nasikia sana watu wakisema eti ukikwangua utomvu wowote mtini ukautafuna ushapata bigijii ya asili. Jamani sivyo, na kwa watoto ni hatari.

Kuna gundi na kuna ulimbo. Gundi ya mgunga inayeyuka kwa maji, ukiitia mdomoni inateleza, inalainika, inaisha, hakuna cha kutafuna hapo. Ubani ni mambo mengine, sehemu yake kubwa ni ulimbo na mate hayauyeyushi. Chukua chembe moja safi, iache kwanza ulimini ipate joto, manake ukiuma haraka inavunjika kama mchanga na uchungu unakujaa mdomo mzima, lakini ukienda nayo polepole ule unga unaanza kushikana, unageuka mweupe, unavutika. Joto la mdomo ndo kazi yote.

Maziwa ya mti wa mnyaa, yaani utomvu wake mweupe, msiguse kabisa, yanababua mdomo na yakiingia jichoni yanaweza kupofusha.

Alafu bigijii ya dukani, wengi wanadhani bado yatoka mtini. Zamani ndio, kule Marekani Thomas Adams alitumia chikle, utomvu wa mti wa Mexico unaochemshwa mpaka uwe mzito, na mashine yake ya kutengeneza bigijii aliisajili 1871. Siku hizi nyingi ni mpira wa kiwandani unaotokana na mafuta ya petroli, ndo maana ukitemwa njiani unaganda pale pale miaka, hauozi.