Mizuka ya viazi juu ya pai ya nyama: mlo wa jioni wa Halloween

Mlo wa Halloween huharibika mpishi anapoanza na sura na kuiachia ladha ijitafutie nafasi. Ndiyo maana mezani unakuta soseji zilizofungwa unga usioiva ndani, wali uliotiwa rangi nyeusi, na watoto wanaogusagusa sahani huku mawazo yao yako kwenye peremende. Mimi naanzia upande wa pili: natafuta chakula cha kushibisha kinachokubali kufinyangwa au kuchongwa bila kuvuruga mapishi yake, kisha nakiwekea macho.

Hapo viazi vya kuponda havina mpinzani, na usiku huu si wageni. Ayalandi, zilikotoka nyingi ya desturi za 31 Oktoba, watu walikula colcannon, yaani viazi vilivyopondwa na siagi na kuchanganywa na kabichi au kale (mboga ya majani inayofanana na sukuma wiki), na ndani yake wakaficha sarafu. Tutakachopika hapa ni jirani yake wa Uingereza: pai ya nyama ya kusaga iliyofunikwa viazi, na juu yake mizuka kumi na miwili. Inatosha watu sita, kwenye bakuli la oveni la sentimita 20 kwa 30.

Anza na nyama, kwa sababu inahitaji muda wa kupoa. Kaanga gramu 700 za nyama ya ng'ombe ya kusaga kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali. Usiikoroge dakika tatu za mwanzo. Iache ishike rangi ya kahawia chini, ndipo uivunjevunje. Ukiikoroga mapema inatoa maji, inachemka badala ya kukaangika, na ladha ya mchuzi inabaki nyepesi hadi mwisho. Itoe, punguza mafuta yakizidi, kisha kwenye kikaango hichohicho weka vitunguu maji viwili na karoti mbili, vyote vimekatwa vidogo. Vikilainika ongeza punje tatu za kitunguu saumu, nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba na vijiko vikubwa viwili vya nyanya ya kopo. Nyanya hiyo ikaange mpaka rangi yake iwe nzito, la sivyo uchachu wake utakaa juu ya kila kitu. Rudisha nyama, nyunyizia vijiko vikubwa viwili vya unga wa ngano, koroga dakika moja, mimina mililita 350 za supu ya nyama, acha ichemke taratibu kama dakika ishirini. Chumvi na pilipili manga mwishoni, pamoja na gramu 150 za njegere.

Uzito wa mchuzi ndio utakaoamua kama mizuka itasimama. Pitisha mwiko katikati ya kikaango: njia iliyoachwa ibaki wazi sekunde mbili au tatu kabla mchuzi haujaifunga. Ukijifunga papo hapo, endelea kuchemsha. Kisha mimina kwenye bakuli na uache upoe hadi uwe vuguvugu. Viazi vikiwekwa juu ya mchuzi unaochemka hulegea kwa chini, vikazama, na mchuzi ukapanda pembeni.

Sasa viazi. Chukua kilo 1.4 za viazi vyenye wanga mwingi: russet kwa walio Marekani, Maris Piper kwa walio Uingereza. Viazi vidogo vyenye ngozi laini na nyama ya kung'aa ni vya kachumbari ya viazi, si vya kazi hii. Menya, kata vipande vya sentimita nne, weka kwenye maji baridi yenye chumvi ndipo uwashe moto. Ukivitia kwenye maji yanayochemka, nje itapasuka kabla katikati haijaiva. Vikiiva, mwaga maji yote, rudisha sufuria kwenye moto mdogo dakika mbili na uitikise mpaka mvuke upungue. Watu wengi huruka hatua hii, halafu wanalaumu maziwa.

Ponda vikiwa moto, au visukume kwenye chujio la waya kwa mgongo wa kijiko. Blenda usiiguse. Visu vyake hupasua chembe za wanga, wanga unavuja, na unabaki na kitu kinachovutika kama gundi ambacho hakuna siagi itakayokiokoa. Tia kwanza siagi gramu 80 ienee, kisha maziwa ya moto mililita 80, si zaidi, halafu viini viwili vya mayai. Viini ni mbinu ya Wafaransa ya kufanya viazi vishike umbo ndani ya oveni. Rangi itaelekea umanjano kidogo, lakini mzuka wenye ladha ni bora kuliko mzuka mweupe pe. Chumvi onja kabla ya kutia mayai.

Tandaza zaidi kidogo ya nusu ya viazi juu ya nyama, unene wa sentimita moja hivi, na uvifikishe hadi ukingo wa bakuli pande zote ili mchuzi usipate mwanya. Vilivyobaki vitie kwenye mfuko wa plastiki mgumu wa friza, kata kona moja ipatikane tundu la sentimita mbili. Viwe vya uvuguvugu: vikiwa moto sana vinabonyea na kukuunguza mikono, vikipoa kabisa vinapasuka. Shika mfuko wima, tundu likiwa karibu na viazi vya chini, kamua bila kusogeza mkono mpaka kitako kifikie upana wa sentimita nne na nusu, ndipo uanze kupandisha huku ukipunguza nguvu. Kwenye sentimita sita acha kukamua kabisa na uvute juu kwa haraka. Kile kincha kinachobaki ndicho kichwa cha mzuka. Mmoja akiinama, mwache. Mizuka iliyosimama sawasawa kama askari haitishi mtu.

Wa kwanza mkamulie kwenye sahani na umtazame dakika mbili. Akibonyea, rudisha viazi kwenye sufuria uvikaushe kwa moto mdogo ukikoroga, au ongeza vijiko viwili vya viazi vya unga vya pakiti. Akipasuka mbavuni, ongeza kijiko cha maziwa ya moto.

Oka kwa nyuzi 200 za Selsiasi, au 180 kama oveni ina feni, kwa dakika 25, kwenye rafu ya katikati. Rafu ya juu itaunguza vichwa. Kama nyama iliandaliwa jana na imetoka kwenye friji, oka pai yenye tabaka la chini tu dakika ishirini kwanza, kisha kamua mizuka na uendelee dakika 25 nyingine.

Macho huwekwa baada ya kuoka. Yakiwekwa kabla, viazi huvimba kidogo na kuyasukuma, unatoa mizuka yenye makengeza. Habasoda ndiyo saizi kamili: punje mbili kwa kila mzuka, ukizichukua kwa ncha ya kijiti kilicholowa. Mdomo ni kipande kidogo cha zeituni nyeusi. Pilipili manga nzima inapendeza kwenye picha, ila mtoto atakayeitafuna hatakula kingine.

Pembeni naweka pilipili hoho za rangi ya machungwa zilizochongwa nyuso, zenye kitako bapa ili zisimame. Kata kifuniko, toa mbegu, chonga macho na mdomo usiozidi sentimita moja kwa upana, kwani kuta hulegea kwenye joto na tundu kubwa huchanika. Oka zikiwa tupu dakika 15, mwaga maji yaliyojikusanya, jaza pilau iliyokwisha kuiva, rudisha dakika kumi. Mchele mbichi haufai kwa kuwa maji yatatokea machoni. Wali wa manjano nao hauonekani dhidi ya rangi ya hoho. Pilau iliyokolea inayapa macho giza.

Boga lililochongwa na kuwekwa mshumaa liache mlangoni. Yale makubwa ya kuchonga yana maji na nyuzi, ladha haba, na likishakaa wazi saa nyingi si chakula tena. Kwa futari ya boga tafuta kabocha au butternut, kilo moja: chemsha kwa tui jepesi, iliki na chumvi kidogo, sukari vijiko viwili, na tui zito liingie mwishoni kwa moto mdogo lisikatike.

Rangi nyeusi za chakula siziweki: hubakia kwenye ulimi na kesho yake zinaleta taharuki chooni. Unga wa mkaa ni mbaya zaidi kwa anayekunywa dawa, maana mkaa hunyonya dawa tumboni. Damu ukiitaka, mchuzi wa nyanya uliochujwa unatosha.

Panga muda kwa jua la unapoishi. London siku hiyo jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, New York karibu saa kumi na mbili, na watoto hutaka kutoka kuomba peremende nyumba kwa nyumba giza likianza. Pai itoke oveni saa nzima kabla, ikae dakika kumi ndipo uipakue.

Mabaki yaingie friji ndani ya saa mbili na yaliwe ndani ya siku tatu. Maikrowevu huyeyusha mizuka; tumia oveni nyuzi 180, ukiwa umefunika kwa foili kwa ulegevu, mpaka katikati ya nyama iwe moto kabisa.