Mbwa msaidizi ni yupi hasa?

Nimelisikia tena neno hili, safari hii mtaani Kisasa, Dodoma. Kijana anayeuza watoto wa mbwa anamwambia mama ambaye mumewe amepoteza uwezo wa kuona, "Mama, huyu ni mbwa msaidizi, getini kwako hakatizi mtu." Mama alikuwa ameshafungua pochi.

Mbwa msaidizi ni yule aliyefunzwa kazi maalumu kwa sababu ya ulemavu wa mtu fulani: kumsimamisha asiyeona ukingoni mwa mtaro, kumgusa kiziwi mtu anapobisha hodi.

Kinachochanganya ni neno lenyewe. Saidia limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa sin, ain na dal, uliobeba heri na msaada kwa pamoja. Ndiko lilikotoka jina Saidi, mwenye heri (si Seyidi, bwana, huo ni mzizi mwingine, na watu huyachanganya kila siku). Kiswahili kikaiacha heri kwa akina Saidi, kitenzi kikabaki na msaada. Kisha tukaweka m- mbele na -zi nyuma, kama linda ilivyozaa mlinzi. Huyo ni mwenye kazi, na kazi yake inatajika. Mbwa anayekuliwaza ukiwa mpweke anakupa heri, tena kubwa, na simdharau hata kidogo. Lakini hata kanuni za sheria ya Marekani ya 1990 ya watu wenye ulemavu zinakataa kumwita msaidizi kwa kuliwaza peke yake.

Wala kufunzwa tu hakutoshi. Panya buku wa Morogoro hufunzwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, ila hakuna mtu mmoja anayewategemea kuvuka barabara.

Kwa hiyo mama, kabla ya kulipa, muulize mzee: ni kazi gani ambayo fimbo nyeupe haimfanyii? Nani atamfunza mbwa? Mbwa wa kuongoza wasioona hulelewa mwaka mzima au zaidi, ndipo aanze miezi ya mafunzo yenyewe, na mzee naye lazima afunzwe kutembea naye. Na kondakta wa daladala atakubali kuwapakia wote wawili?

Nawe kijana, watoto wako wa mbwa wana afya na umewatunza vizuri. Waite mbwa wa ulinzi. Mtu akikuulizia msaidizi, mwambie huna.