Kompyuta inayojizima na kujiwasha: usikimbilie kupiga window

Malalamiko yameongezeka, hivyo kitengo chetu cha TEHAMA hapa Arusha kinatoa ufafanuzi kwa watumishi na wenye steshenari wanaotumia kompyuta za mezani zenye Windows 10 au 11. Wengi hufika na hukumu mkononi: kirusi. Wengine wameshamlipa fundi apige window, yaani asakinishe Windows upya, na wiki haijaisha tatizo ni lile lile. Litaachaje kurudi, na chanzo hakikuguswa?

Mashine iliyozimika ghafla huacha maandishi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, fungua kumbukumbu za System, tafuta tukio namba 41 la Kernel-Power. Hiyo 41 si ugonjwa. Inasema tu kwamba mashine imewaka bila kuzimwa kwa utaratibu. Fungua Details. BugcheckCode ikisoma 159, draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kifaa fulani ilikwama mashine ikilala au ikiamka: weka draiva za mtengenezaji wa kompyuta, ukianza na kadi ya mtandao na ya picha. PowerButtonTimestamp isiposoma 0, kuna mtu alishikilia kitufe cha kuwashia mpaka ikazimika. Aulizwe kwa upole. Zote mbili zikiwa 0, ama umeme ulikatika, ama mashine iliganda isiandike chochote.

Hapo geukia UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme unapokatika. Betri yake, mara nyingi ya volti 12, huchoka ndani ya miaka mitatu hadi mitano huku taa ya kijani ikiendelea kuwaka. Hifadhi kazi, chomoa UPS ukutani. Kompyuta ikizimika papo hapo, betri imekufa. Printa ya leza isichomekwe upande wa betri. Inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS inazidiwa na kukata kila kitu. Hili tumelisema mara nyingi.

Inayojiwasha saa 8 usiku haina jini. Windows hupanga matengenezo yake ya kila siku saa hiyo, ambayo mashine huandika 2:00 AM, na yameruhusiwa kuiamsha. Fungua cmd, dirisha la kuandikia amri, kwa ruhusa ya msimamizi, andika powercfg /lastwake kujua nani aliiamsha, kisha powercfg /devicequery wake_armed kuona vifaa vyenye ruhusa hiyo. Mara nyingi ni kadi ya mtandao, au kipanya kinachoguswa na mfagiaji alfajiri. Inayowaka umeme unaporudi tu, hiyo ni BIOS, programu ya msingi ya mashine yenyewe, imepangwa hivyo, Windows haihusiki.

Lipo kosa linaloenezwa na mafundi wenyewe: kuandika powercfg /h off kwenye kila mashine. Wanataka kuondoa uwashaji wa haraka (Fast startup), ambao kweli husumbua, kwa sababu ukizima kompyuta, kiini cha Windows huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kama kilivyokuwa, pamoja na draiva iliyokwama. Ndiyo maana "nimezima mara tatu" hakusaidii, na Restart moja inasaidia. Lakini amri ile huondoa pia usingizi mseto (Hybrid sleep), unaoandika kazi yako kwenye diski kabla ya kompyuta kulala. Umeme ukikatika ikiwa imelala, barua uliyoiacha wazi imekwenda. Fungua powercfg.cpl, ingia kwenye kazi za vitufe vya kuzimia (Choose what the power buttons do), ondoa tiki ya Fast startup peke yake.

Likishindikana, kwenye cmd ile ile ya msimamizi andika powercfg /energy, usiguse chochote kwa sekunde 60, kisha chukua faili la energy-report.html kwenye folda ya System32. Mapokezi, jaza fomu nakala mbili: namba ya mashine iliyo kwenye stika, tarehe na saa ya tatizo, vifaa vilivyochomekwa. Ripoti iambatishwe kwa flashi iliyopitishwa antivirusi. UPS iletwe na waya zake. Stika ya kasha ikikutwa imekatwa, gharama ni ya aliyeleta; kwa mali ya ofisi, taarifa itakwenda kwanza kwa afisa ugavi, na hakuna skrubu itakayofunguliwa kabla hajajibu kwa maandishi. Fomu iliyoandikwa "kompyuta mbovu" bila maelezo mengine itarudishwa ijazwe upya.